Mpira ukivuka mawe, mkimbiaji apewe vituo vingapi?

Mimi ni mwamuzi wa softiboli, mchezo ambao mpigaji akishapiga mpira hukimbia kuzunguka vituo vinne. Kiwanja chetu hapa Goma hakina uzio. Nyuma ya kituo cha kwanza kuna mstari wa mawe meusi ya volkano, kisha njia ya chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Kabla ya kila mechi nawaita manahodha wawili, tunatembea hadi pale, tunakubaliana: mpira ukivuka mawe, umekufa, yaani mchezo unasimama. Usiruke hatua hiyo.

Mlinzi, yaani mchezaji wa timu inayozuia, akiutupa ukavuka, inua mikono yote miwili, upaze sauti: "Umekufa!" Kila mkimbiaji anapata vituo viwili. Viwili kuanzia wapi? Kuanzia kituo cha mwisho alichogusa wakati mpira unaachana na mkono wa mtupaji. Mahali alipofika wakati mpira unavuka mawe si hoja.

Hapo ndipo nilipomkosea mtu. Nilifuata mpira kwa macho hadi ulipogonga gurudumu la chukudu. Nilipogeuka, mpigaji alikuwa ameshapita kituo cha kwanza, nikampa cha tatu. Kumbe mpira ulipotoka mkononi alikuwa bado hatua mbili kabla ya kukigusa. Haki yake ilikuwa cha pili. Alifunga, na wapinzani wake wakashindwa kwa pointi moja. Bado naumia. Sasa macho yangu yana utaratibu: mkono, miguu, halafu mpira.

Wadogo nawafundisha kwa vijiwe vinne, ndivyo vituo, na punje za mahindi, ndio wakimbiaji. Wanasogeza punje, nikisema "mkono!" wanaziacha zilipo, tunahesabu. Punje mbili zikikutwa kati ya cha kwanza na cha pili, ya mbele inaenda cha tatu, ya nyuma inaishia cha pili. Hilo huwasumbua, lirudieni.

Mpira wa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji, ukitoka nje bila kupigwa, ni kituo kimoja tu. Uliopigwa vizuri ukadunda na kuvuka mawe, ni viwili, ukihesabu tangu mrushaji alipouachia.

Mlinzi asiye na mpira akimzuia mkimbiaji njiani, usisimamishe mchezo. Nyoosha mkono wa kushoto pembeni, uache mambo yaishe, ndipo umpe kituo ambacho angefika bila kuzuiwa.

Nanyi wakimbiaji, hata kituo cha kupewa lazima mkifikie kwa kugusa vyote kwa mpangilio. Ukiruka kimoja, wapinzani wakilalamika kabla ya mrusho unaofuata, nitakutoa.