Breki za Gari la Spoti: Jinsi ya Kuamua Kinachostahili Kununuliwa

Mwenye Subaru WRX au Mitsubishi Evolution jijini Nairobi akianza kuzitilia shaka breki zake, mara nyingi jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta kalipa kubwa (vibano vinavyokandamiza pedi kwenye diski) zilizotoka Japani pamoja na diski zenye matundu. Kabla ya kutoa pesa, ajiulize kwanza breki alizo nazo zinashindwa namna gani, na zinashindwa akiwa wapi.

Kanyagio likianza kuwa laini na kuzama baada ya kukanyagwa mara nyingi mfululizo, yaelekea mafuta ya breki yamechemka, kwa maana mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei. Likibaki gumu huku gari likikataa kupunguza mwendo na harufu ya kuungua ikisikika, pedi ndizo zimezidiwa na joto. Lakini ikiwa ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, huamka kila unapokanyaga kwa nguvu barabarani, breki tayari zimeushinda mshiko wa tairi, na kalipa kubwa haitakusaidia kusimama mapema zaidi. Hapo nunua tairi. Nalisisitiza hili kwa sababu magari yenye kalipa za bei ghali na tairi zilizokauka si machache mjini. Tazama ubavuni mwa tairi: tarakimu 2319 maana yake ni kwamba ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Adui wa breki ni joto. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka mwendo wa kilomita 120 kwa saa, breki hupokea takriban kilojuli 780. Gari hilohilo likishuka mita 100 za wima bila kubadilisha mwendo, kuna karibu kilojuli 1,370 za kuondolewa, ingawa injini na upepo huchukua sehemu yake. Ndiyo maana mteremko wa kwenda Mai Mahiu, unaoshuka mamia ya mita, huweza kuzichosha breki ambazo hazijawahi kusumbua kwenye Thika Road. Na gia ya chini huzipunguzia kazi hiyo bila gharama yoyote.

Kwa hiyo anza na mafuta. Yakiwa mapya, mafuta ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 chini ya 230, na DOT 5.1 chini ya 260. Yakishanyonya unyevu, viwango hivyo hushuka hadi 140, 155 na 180. DOT 4 iliyozeeka yaweza basi kuwa duni kuliko DOT 3 iliyofunguliwa leo. Badilisha kila baada ya miaka miwili, nunua chupa ambayo haijafunguliwa, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Pedi ndizo zinazofuata, na hapa ndipo pesa huleta faida kubwa zaidi. Pedi za mashindano huvumilia joto kali, lakini zikiwa baridi hushika kidogo, jambo la hatari kwa anayetoka nyumbani asubuhi ya Julai. Anayeendesha mjini na kwenda uwanja wa mbio wa Whistling Morans mara mojamoja achague pedi za barabarani zenye kiwango cha juu cha joto, kisha azizoeshe kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa.

Diski za kawaida zenye nafasi ya hewa katikati zinatosha. Zenye matundu huweza kupasuka kuanzia kwenye matundu hayo zikipata joto sana. Hozi zilizofumwa kwa chuma huboresha hisia ya kanyagio tu, hivyo zinunue ikiwa zile za mpira zimeanza kupasuka.

Kalipa na diski kubwa zinafaa pale ambapo mafuta na pedi nzuri bado hulemewa. Hata hivyo, ukiongeza nguvu za mbele peke yake, breki za nyuma hufanya kazi kidogo kuliko zinavyoweza, na umbali wa kusimama huweza kuongezeka. Pistoni za kalipa nazo lazima ziendane na masta silinda, pampu inayosukumwa na kanyagio. Kalipa za Brembo za Subaru STI zinahitaji rimu za inchi 17 au zaidi, na hata hivyo si kila rimu ya kipimo hicho huzipisha. Zikiwa zimetumika, fundi azifungue, akague sili na kutu ya pistoni, kisha avalishe rimu na kuizungusha kwa mkono kabla hujalipa.