Kompyuta imekuwa nzito? Anza na grafu za Task Manager

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inashughulika na nini. Usipitie Ctrl+Alt+Del, huko ni kuzunguka, na kwenye mashine iliyokwama kila hatua ya ziada inakula muda. Kama Windows 10 imekuletea kidirisha kidogo chenye majina ya programu tu, bofya More details chini kushoto, kisha ingia Performance. Kwenye Windows 11 tafuta alama ya grafu upande wa kushoto.

Wateja wangu wengi hapa Tanga wakifika hapo huangalia CPU, yaani prosesa, ubongo wa kompyuta, wakiona asilimia 12 wanafunga. Halafu wananipigia: "Fundi, mbona haifanyi kazi yoyote na bado nzito?" Mimi CPU huiangalia mwisho. Mashine ninazoletewa ni laptopu za mtumba na kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika ofisini, na kinachozimaliza ni RAM ndogo, ile kumbukumbu ya muda inayoshika programu zilizo wazi, na HDD, ile diski ya kuzunguka. Prosesa haina neno. Imekaa tu, kama mpishi aliyeinjika sufuria anamsubiri aliyetumwa maji.

Kabla hujaanza kusoma, panga dirisha likufae. Washa Always on top: kwenye Windows 10 iko kwenye menyu ya Options, kwenye Windows 11 iko ndani ya Settings. Kisha bofya mara mbili juu ya grafu yenyewe. Menyu na maelezo yote yatatoweka, ibaki grafu peke yake unayoweza kuipunguza ikawa ndogo na kuisukuma pembeni. Ukibofya mara mbili tena, kila kitu kinarudi. Hapo sasa fanya kazi zako za kawaida, zile zile zinazokuudhi, huku jicho moja liko kwenye mstari. Kompyuta isiyofanya kitu haina la kukuambia. Kwa kasi ya kawaida grafu inachora alama mpya kila sekunde na kukuonyesha sekunde 60 zilizopita, kwa hiyo ukikwama, usikimbilie kubofya ovyo. Tazama kwanza mstari gani ulipanda, na ulipanda lini.

Kupanda peke yake si ugonjwa. Ukifungua Excel, mistari itaruka juu na kushuka, ndivyo inavyotakiwa. Mlima mrefu wenye ncha usikutishe. Cha kuogopa ni uwanda: mstari uliopanda hadi juu ukalala pale pale, dakika baada ya dakika, na wewe hujafungua kitu kipya.

Nichukue mfano wa steshenari moja iliyo karibu na shule, wanachapa mitihani na kadi za harusi. Kompyuta ya mezani, Windows 10, RAM GB 4, HDD ya GB 500. Dada wa kaunta aliniambia diski imekufa, kuna mtu kamwambia anunue nyingine. Na kweli, grafu ya kijani ya Disk ilikuwa imelala kwenye asilimia 100. Lakini shuka chini ya grafu usome maandishi madogo. Active time asilimia 100, ilhali Read speed na Write speed zikijumlishwa hazifiki MB 2 kwa sekunde. Average response time inacheza kwenye mamia ya milisekunde. Maana yake diski inahangaika kutwa nzima na mzigo unaopita ni kiduchu: inarukaruka kutoka kona moja hadi nyingine ikiokota vipande vidogo vidogo. Nani anaituma?

Hapo Task Manager inafika mwisho wa uwezo wake. Chini ya ukurasa wa Performance kuna kiungo cha Resource Monitor. Kwenye Windows 11 kiko ndani ya vile vidoti vitatu juu kulia, au andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia. Ingia Disk, fungua sehemu ya Disk Activity, bofya kichwa cha safu ya Total ili wakubwa wakae juu. Pale steshenari jina lililong'ang'ania juu lilikuwa C:\pagefile.sys. Faili hilo ndilo Windows hulitumia kuhamishia vitu vya kwenye RAM pakijaa. Nikarudi kwenye grafu ya zambarau ya Memory: mstari bapa karibu na dari, na Committed ikisoma 7.6/7.9 GB. Programu zimeahidiwa karibu GB 8 kwenye mashine yenye 4. Diski haikuwa mgonjwa, ilikuwa inabebeshwa kazi ya RAM.

Angalia pia Slots used kwenye ukurasa huo huo. Ilisema 1 of 2, yaani nafasi ya pili iko wazi, huna haja ya kutupa kijiti cha RAM kilichopo. Tukaongeza GB 4, tukazima vilivyokuwa vinajiwasha vyenyewe kwenye Startup, mstari wa kijani ukarudi kuwa wa kupanda na kushuka. Ukiniuliza mimi, SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ingekuja baadaye kidogo, na nilimwambia hivyo. Ila kwa fedha aliyokuwa nayo siku ile, RAM ilitangulia. Kama pagefile.sys isingekuwa pale juu na Memory ingekuwa na nafasi, ningesema SSD kwanza bila kusita.

Sasa CPU. Usikae kwenye asilimia, linganisha Speed na Base speed wakati mashine ina kazi nzito. Base speed ikiwa 2.40 GHz na Speed imeganda chini ya 1 GHz huku mstari uko juu, prosesa imejibana. Kwenye laptopu sababu huwa joto, feni iliyojaa vumbi, au chaja isiyo yake ambayo mashine haiitambui. Up time nayo isome: ukikuta siku nyingi na wewe huzima kila jioni, usishangae, Fast Startup, ile njia ya Windows ya kuwaka haraka, haikuhesabu kuzima huko. Chagua Restart.

Wa Ubuntu mna System Monitor, ukurasa wa Resources. Mstari wa Swap ndio usomeke kama nilivyosoma pagefile. Wa Mac fungueni Activity Monitor, Memory, mtazame Memory Pressure: kijani endelea, njano punguza, nyekundu RAM haitoshi.

Na ukitaka nikusaidie ukiwa mbali, nitumie WhatsApp picha mbili, Memory na Disk, maandishi ya chini yaonekane. Zipige wakati imekwama kweli, kwa kamera ya simu kama kompyuta haikubali kupiga picha yenyewe. Ya baada ya kuiwasha upya hainifai kitu.