Niandike namba gani? Kupima utafiti wako ukiwa Lamu

Kila msimu wa kuomba ufadhili, watafiti wa mikoko na kasa hapa Lamu hunijia na swali hilo. Mimi huwarudisha nyuma kwanza.

1. Andika swali. Nani anataka kujua nini? Mfadhili akiuliza kama wanasayansi wenzako wanaitumia kazi yako, hesabu mara ulizonukuliwa. Akiuliza kama wavuvi wa Kizingitini wamebadili nyavu, nukuu hazimjibu. Tafuta kanuni za BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) zilizotokana na utafiti wako, au kumbukumbu za kikao ulimotajwa.

2. Safisha jina. Mohamed huandikwa kwa o au u, kwa m moja au mbili, na kina Mohamed Ali wanakaribia kuwapita punda wa mjini. Jisajili ORCID, daftari la kuwatambulisha watafiti: ni bure, utapewa namba ya tarakimu 16. Itumie kila unapowasilisha makala.

3. Kokotoa h, yaani idadi kubwa kabisa ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hizo hizo. Mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza fahirisi hii mwaka 2005. Panga makala zako kwa idadi ya nukuu, kubwa juu. Tuseme 40, 12, 4, 3, 1. Makala tatu za juu zimefikisha nukuu tatu au zaidi, lakini hakuna nne zilizofikisha nne: h yako ni 3. Hiyo ya 40 hata ingefika 400, h ingebaki 3! Tena haishuki, kwa hiyo mzee aliyekwisha tua kalamu aweza kumpita kijana anayechapa kazi. Usiwalinganishe.

Taja umeitoa wapi na lini. Google Scholar huokota hata tasnifu na ripoti, ndiyo maana mara nyingi huwa juu ya Scopus, hazina ya nukuu inayochagua majarida ya kuingiza. Niliwahi kuzichanganya katika jedwali moja. Kamati ikanirudishia fomu, na haki ilikuwa yao.

4. Achana na namba ya jarida (impact factor). Ile ya 2024 ni nukuu za mwaka huo kwa yaliyochapishwa 2022 na 2023, ukigawanya kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Ni wastani tu, na makala chache huubeba. DORA, azimio la San Francisco la 2012, linapinga kuitumia namba hiyo kumpima mtafiti mmoja mmoja.

5. Linganisha ndani ya fani. Tafuta kipimo kilichorekebishwa kwa fani na mwaka, ambapo 1 ni wastani wa dunia. Mtaalamu wa tenzi za Pate anayeandika vitabu kwa Kiswahili hata hicho hakimtoshi, maana Scopus humwona kidogo mno. Aambatishe silabasi zinazotumia kitabu chake. Ilani ya Leiden ya 2015, mwongozo wa kutumia vipimo vya utafiti, inataka utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe. Aitaje kamati ikikunja uso.