Somo: Kuifuata Reli ya Bububu kwa Ramani ya Zamani

Reli hii nyembamba, yenye upana wa futi 3 (milimita 914) kati ya vyuma vyake viwili na urefu wa maili 7 hivi, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani mnamo 1905, ikatoka Ngome Kongwe mjini Unguja hadi Bububu. Ilibeba abiria hadi miaka ya 1920, magari yalipoanza kuwachukua.

Kwanza, soma mwaka wa ramani kabla ya kutazama mstari wa reli.

Pili, linganisha ramani na picha ya setilaiti kwa kutumia majengo, kamwe si ufuko. Hili nalisisitiza, kwa kuwa wengi huanza na ufuko: hori lililoutenga mji na mtaa wa Ng'ambo lilifukiwa, na bandari ya Malindi ilijengwa juu ya sehemu iliyokuwa bahari, hivyo anayeshika ukingo wa maji huisogeza reli yote isipostahili. Ngome Kongwe na magofu ya kasri la Mtoni hayajahama, nayo yako moja mwanzoni mwa reli, jingine njiani kuelekea Bububu.

Tatu, tafuta mapindo. Treni haiwezi kukata kona kali kama mtembea kwa miguu, kwa hiyo mpaka wa viwanja au kichochoro kinachopinda polepole, bila sababu inayoonekana, unastahili kukaguliwa.

Nne, nenda ukaone kwa macho, ukiomba ruhusa ya wenye viwanja na kuwauliza wazee wa mtaa. Picha za kale zitafutwe katika Nyaraka za Taifa, Kilimani.

Maswali ya wanachama

Swali: Ramani yangu inaonyesha reli inayoelekea kusini, Chukwani. Je, ni hii hii?

Jibu: La, ndugu yangu. Hiyo ni ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, yenye upana wa futi 2. Mabehewa yake yalivutwa na nyumbu kabla ya kuletwa injini ya mvuke, na iling'olewa baada ya kifo chake mwaka 1888.

Swali: Nimeona kipande cha reli kimetumika kama nguzo ya ua. Je, njia ilipita hapo?

Jibu: Si lazima, kwani chuma kizuri huhamishwa na kutumiwa tena. Kipige picha, pima kimo chake na upana wa kitako, andika mahali kilipo, kisha kiache palepale. Ushahidi wa njia ni tuta, mtaro au msingi wa daraja.