Khaki, kikapu au salfeti: ubebe nini ukienda marikiti

Mfuko huchaguliwa nyumbani kabla ya kutoka, kwa kutazama unakwenda kununua nini. Anayefika Darajani au Mwanakwerekwe, masoko yetu ya Unguja, mikono mitupu atabeba anachopewa na muuzaji, na mara nyingi atapewa khaki nyembamba, yaani mfuko wa karatasi, au kile kifuko laini cha kuona ndani. Hicho cha pili tukiondoe mapema. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo hata anayeshuka na boti kutoka Dar es Salaam hana pa kujitetea.

Kwa manunuzi ya wiki ya nyumba ya kawaida, ushauri wetu ni vyombo vitatu: kikapu kimoja kikubwa cha mboga na matunda, mfuko wa salfeti (ule uliofumwa wa viroba vya unga na mapolo ya mchele) wa mchele, unga na vitu vizito vikavu, na ndoo ndogo yenye mfuniko ya samaki au nyama. Ndani ya kikapu kunja khaki mbili tatu zilizobaki safari zilizopita, za vitu vidogo vidogo.

Khaki ni ya vitu vikavu na vyepesi: thomu, pilipili, bizari, maandazi, boflo. Maandazi ya moto ndani ya khaki hupumua, mvuke ukatoka; ndani ya plastiki hutota. Mbatata nazo hukaa vizuri kwenye khaki kwa sababu haipitishi mwanga, na mwanga ndio unaozifanya ziote kijani na kuwa chungu, na ile kijani ina sumu. Khaki hufa kwa maji. Mchicha alioupulizia maji muuzaji, kipande cha barafu au tungule moja iliyopasuka vinatosha: gundi ya kitako huachia kabla karatasi yenyewe haijachanika, na mzigo wote unashuka kwa mpigo. Kuvisha khaki mbili pamoja kunasaidia uzito, lakini maji hupita zote mbili. Gazeti lisitumike kufungia kitu cha mafuta au cha moto, kwa sababu wino wake huhamia kwenye chakula.

Ile mifuko ya rangi rangi inayoitwa mifuko mbadala wengi huidhania ni kitambaa. Ni plastiki, polipropilini, ila nyuzi zake zimebanwa kwa joto badala ya kufumwa. Si sababu ya kuikataa, maana inavumilia kuliko khaki, lakini ni sababu ya kuichagua vizuri na kuitumia mpaka iishe. Kiwango kilichowekwa Tanzania ni angalau gramu 70 kwa kila mita moja ya mraba. Mfuko wa sentimita 40 kwa 45, usiokuwa na mbavu za pembeni, ukiuweka kwenye mizani ya jikoni pamoja na mikono yake unapaswa kukaribia gramu 28. Ukisoma chini ya 20, huo ni wa safari moja. Asiye na mizani aunyanyue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako vizuri upande wa pili, uache.

Kisha tazama mikono. Iliyobandikwa kwa joto tu ina alama ya vidoto vilivyobonyea pale ilipokutana na mfuko, na hapo ndipo inapong'oka. Afadhali iliyoshonwa kwa uzi, yenye mshono wa mraba na msalaba katikati. Ukiwa umeshanunua wa kubandika, dakika tano za sindano na uzi wa nailoni zinauokoa. Usiufue kwa maji ya moto wala kuupiga pasi, na ukishaufua uanike kivulini. Jua letu huikausha plastiki ya namna hii mpaka ikaanza kutoa unga na vipande vidogo mkononi.

Salfeti ni ya kubebea uzito. Mfuko ulioshonwa kwa salfeti hubeba kilo 10 za mchele bila kelele, mradi ukingo wa juu umekunjwa mara mbili kabla ya kushonwa. Ukikunjwa mara moja nyuzi hufumuka. Jambo la kuangalia ni kiroba kilitoka wapi. Cha unga, sukari au mchele hewala. Kilichobeba mbolea au dawa ya shamba kisitumike kwa chakula hata ukikifua mara kumi.

Kikapu ndicho tunachokipa nafasi ya kwanza kwa mboga na matunda, kwa sababu hewa inapita na hakibonyei. Cha miyaa huvumilia kazi ya soko zaidi. Cha ukindu ni laini na kizuri wa macho. Ukinunua, kwanza kinyanyue ukitazame ndani dhidi ya mwanga: mwanga ukipenya kwa mstari pale ukili (ule utepe uliosukwa) ulipoungana na ukili, uzi umelegea na kitaanza kufumuka hapo. Bonyeza kitako kwa ngumi uone kama kinashikilia. Halafu fuata mikono kwa vidole. Ikiishia kwenye mdomo wa kikapu, itaurarua mdomo siku utakapotia boga. Mikono mizuri inateremka ubavuni, inapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, hivyo uzito unakaa juu ya kamba. Kikiwa na rangi, sugua kwa kitambaa kibichi. Ikitoka hapo, itatoka pia kwenye boflo lako.

Upangaji una mchango mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chini weka majimbi, muhogo na mbatata. Juu yake vitunguu, machungwa na mabiringani. Tungule, ndizi na mchicha vimalizie. Embe zinazotoa utomvu zifunge kwenye khaki peke yake. Anayenunua tungule mwanzo kwa kuwa ziko karibu na mlango atafika nyumbani na rojo.

Adui wa kikapu ni kuvu, hasa masika, Machi hadi Mei, vitu vinapokaa siku kadhaa bila kukauka. Kikichafuka, sugua kwa brashi na maji yenye sabuni kidogo, suuza, kiegemeze kifudifudi penye upepo mpaka kikauke ndani ya mishono, kisha kitundike. Kisikae juu ya sakafu ya saruji. Usikikunje kikiwa kikavu. Kinyunyizie maji, ngoja kilainike, ndipo ukikunje, la sivyo ukili hukatika kwenye mkunjo. Mshono ukifunguka, shazia (sindano kubwa ya kushonea ukili) na mshipi wa kuvulia vinatosha kuufunga siku hiyo hiyo, kabla haujaenda mbali.

Samaki ni kesi yake. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, lakini si kwa jirani yake ndani ya daladala, na maji ya samaki yakishaingia kwenye kikapu au kitambaa hayatoki kwa suuzo moja. Mbaya zaidi hudondokea tungule na embe zitakazoliwa bila kupikwa. Chukua ndoo ya lita 5 au 10 yenye mfuniko, iliyokuwa ya mafuta ya kula. Ya rangi ya nyumba isitumike. Mwambie anayepara samaki atoe matumbo na matamvua hapo hapo, maana mzigo unapungua na maji pia. Kama safari itazidi nusu saa, tia barafu chini na juu. Kwa jodari, vibua na dagaa hili si anasa: nyama yao ikikaa kwenye joto hutengeneza histamini, inayoleta uso kuwaka, kuwashwa na kichwa kuuma, na kupika hakuiondoi. Nunua samaki mwisho, isipokuwa unajua watakwisha mapema. Hapo nunua mwanzo na uwaweke kwenye barafu.

Pakacha la makuti mabichi bado halina mpinzani kwa nazi, mihogo na embe kutoka shamba. Likishakauka lipumzishe.

Kuhusu mazingira, Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipima mwaka 2011 ni mara ngapi mfuko utumike ili mchango wake katika joto la dunia ushuke mpaka kiwango cha mfuko mwepesi wa plastiki wa kutumia mara moja. Karatasi ilihitaji mara 3, polipropilini ile ya mifuko mbadala mara 11, na pamba mara 131. Anayekwenda marikiti mara mbili kwa wiki huimaliza hesabu ya polipropilini ndani ya wiki sita, na ya pamba humchukua mwaka na miezi mitatu. Kwa hiyo mifuko kumi ya kitambaa iliyotundikwa nyuma ya mlango haimsaidii mtu. Hesabu hiyo lakini ilitazama joto tu. Haikupima mfuko unaoziba mtaro wakati wa masika wala ule unaofika baharini, na kwa watu wa visiwani hilo ndilo zito. Vikapu vyetu havikuwemo kwenye kipimo kile.

Khaki iliyochakaa na kikapu kilichokufa vichanechane uvifukie shamba, vitaoza. Salfeti na mfuko mbadala vikianza kupukutika visichomwe uani wala kugeuzwa vitalu vya miche. Vikunje, vifunge pamoja na uvitie kwenye taka vikiwa bado vizima kiasi cha kushikika.