Kabla hujachoma DVD ya harusi: mambo ya kuzingatia ili isigome kwenye deki

Mteja anayerudisha DVD ya harusi huwa hana maelezo marefu. "Haisomi." Au inasoma vizuri, lakini ikikaribia mwisho inaganda. Au picha safi kabisa ila sauti ya MC inatangulia mdomo wake. Haraka haraka lawama huenda kwa diski au kwa deki, na kuna siku ni kweli. Lakini kasoro nyingi za DVD zinazochomwa nyumbani au dukani huwa zimeshaingia kabla diski haijawekwa kwenye draivu: ziko kwenye faili ulizotumia, kwenye mipangilio ya programu, kwenye aina ya diski uliyonunua. Kuchoma kwenyewe ni kama robo saa. Maandalizi ndiyo kazi.

Anza kwa kuuliza DVD inakwenda kuchezwa wapi. Kama ni kwa bibi mwenye deki ya miaka kumi na tano iliyopita, hiyo ndiyo deki unayoiandalia, si kompyuta yako. Kompyuta yenye programu ya kuchezea video ya VLC hucheza karibu chochote, kwa hiyo DVD kucheza kwenye VLC hakuthibitishi kwamba deki itaikubali. Kama nakala nyingine inakwenda kwa ndugu walioko Marekani, kumbuka kwamba kwetu runinga na deki zilijengwa kwa mfumo wa PAL, wenye picha ya nukta 720 kwa 576 na fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, ilhali Marekani na Kanada wanatumia NTSC, yenye 720 kwa 480 na fremu 29.97. Deki nyingi zinazouzwa kwetu hucheza mifumo yote miwili. Deki nyingi za Marekani hazichezi PAL. Ndiyo maana DVD inayocheza vizuri Tanga inaweza kukataliwa Chicago bila kuwa na kosa lolote.

Watu huchanganya jambo hilo na namba za kanda. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ziko kanda ya 5, Ulaya Magharibi na nchi za Ghuba kanda ya 2, Marekani kanda ya 1. Namba hizo ziliwekwa kwa ajili ya filamu za kuuzwa. DVD yako ya harusi iache wazi kwa kanda zote, na programu nyingi zinafanya hivyo zenyewe.

Sasa tofauti inayowaangusha wengi: diski yenye video ndani yake siyo lazima iwe DVD ya video. Ukichukua faili la MP4 ukalivuta hadi kwenye diski tupu, umepata diski ya data. Windows itakuuliza kama unataka diski itumike kama flash au ichezwe kwenye deki, na hapo mtu huona ameshamaliza. Chaguo la kwanza hutoa diski ambayo deki nyingi hazitaitambua kabisa. La pili pia ni diski ya data, itachezwa tu na deki yenye uwezo wa kusoma aina hiyo ya faili. DVD ya video yenyewe ina folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB yenye picha na sauti, IFO yenye maelekezo, na BUP ambayo ni nakala ya akiba ya IFO. Picha lazima iwe ya muundo wa MPEG-2. Sauti iwe ya muundo wa AC-3 au PCM, au MP2 kwa upande wa PAL, na iwe ya kilohezi 48. Sauti ya AAC ya simu haikubaliki hapo, wala wimbo wa MP3. Programu ya kuundia DVD ndiyo inayofanya ubadilishaji huo wote.

Kuhusu programu, Windows DVD Maker ilikuja na Vista na Windows 7, ikaondolewa kuanzia Windows 8. Apple nao waliachana na iDVD. DVDStyler ni ya bure na inatosha kwa kazi ya kawaida, ikiwa na menyu na sura (vipande vya video ambavyo mtazamaji anaweza kurukia). ImgBurn ni ya kuchomea tu: haibadilishi MP4 kuwa DVD, inachukua folda ya VIDEO_TS au faili la ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) lililokamilika na kuliandika kwenye diski. Ninashauri sana kazi hizi mbili zitenganishwe. Iambie programu ya kuundia itoe ISO, usiiruhusu ichome moja kwa moja. Ikitokea hitilafu, utajua imetokea wapi: kama ISO ni mbovu, tatizo liko kwenye kuunda, kama ISO ni nzima na diski inagoma, tatizo liko kwenye diski, draivu au deki. Anayefanya yote kwa kubonyeza mara moja hubaki anabahatisha, na kila jaribio linakula diski.

Kabla ya kuunda, kagua mafaili yako ya video. Siku hizi harusi ina kamera mbili na simu sita, na simu ndizo zenye shida. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka kulingana na mwanga, na baadhi ya programu za kuundia DVD hudhani idadi hiyo ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Matokeo yake ni sauti kuachana na picha kidogo kidogo. Dakika ya tano huoni kitu, dakika ya arobaini MC anaongea wageni wakiwa wameshacheka. Dawa ni kupitisha video hizo kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ukachagua idadi ya fremu isiyobadilika, ndipo uziingize kwenye mradi. Kama kamera inaruhusu, rekodi kwa fremu 25 tangu ukumbini. Kama karibu kila kitu kimerekodiwa kwa fremu 30, fikiria kutengeneza DVD ya NTSC badala ya kulazimisha PAL, kwa sababu kushusha 30 hadi 25 huacha mwendo unaorukaruka, hasa bibi na bwana harusi wanapoingia na kamera inawafuata. Utapoteza mistari kadhaa ya picha, lakini mwendo utakuwa laini, na ndugu wa Marekani nao watatazama.

Kanda za zamani za mini-DV zina tabia yake: zinarekodi picha kwa nusu mbili za mistari, na mistari ya chini ndiyo inayotangulia. Ukiiambia programu kwamba ya juu ndiyo inatangulia, kila kinachotembea kitatetemeka kwenye runinga ingawa kwenye kompyuta kinaonekana sawa.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo ninapoomba msomaji achukue kalamu. Diski ya kawaida ya safu moja imeandikwa GB 4.7. Kompyuta itakuonyesha 4.37, na hujaibiwa. Ni namna mbili za kuhesabu baiti zilezile bilioni 4.7. Zidisha kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, unapata megabiti 37,600. Gawa kwa urefu wa video kwa sekunde. Saa mbili ni sekunde 7,200, kwa hiyo una megabiti 5.2 kwa sekunde kwa kila kitu. Toa 0.2 ya sauti ya AC-3, acha kidogo kwa ajili ya menyu, picha inabakiwa na kama 4.8. Hiyo ni nzuri. Sasa mteja akitaka sendoff, ibada na sherehe, saa tatu na nusu, zote kwenye diski moja, hesabu inashuka hadi kama 3 kwa jumla, na taa za disko za ukumbini zitageuka vibokisi. Mwambie mapema kwamba ni diski mbili. Kwa upande mwingine, video ya saa moja isikutamanishe kupandisha mpaka juu kabisa. Kiwango cha mwisho cha picha kwenye DVD ni megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini diski iliyochomwa husomwa kwa shida kuliko iliyochapwa kiwandani, na deki kuukuu ikikutana na mwendo mkubwa hivyo hukwama. Weka ukomo wa 8. Sauti ya PCM ni nzuri, ila inakula megabiti 1.5 peke yake. Kwa harusi AC-3 inatosha.

Menyu iwe rahisi. Vitufe vikae mbali na kingo za picha, maana runinga za chogo hukata pembeni, na kitufe cha "Cheza" kinachoonekana wazi kwenye kompyuta kinaweza kupotelea nje ya kioo. Acha asilimia kumi kila upande. Menyu zenye video inayocheza nyuma na muziki hupendeza, lakini kama deki ya mwenye DVD haijulikani, picha moja iliyotulia ni salama zaidi. Weka pia sura, angalau kila tukio na sura yake. Anayetafuta kukata keki asilazimike kusukuma rimoti kwa dakika ishirini.

Kwenye kompyuta, hakikisha una nafasi ya kutosha, GB 15 hivi kwa diski moja, kwa sababu programu huandika mafaili ya muda kabla ya kutoa ISO. Majina ya mafaili yawe mafupi, yasiyo na alama za ajabu. Na kama unabeba ISO kwa flash kwenda kuchomea mahali pengine, flash iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ifomatiwe kwa NTFS au exFAT.

Sasa diski. DVD-R ilitangulia, ikauzwa kuanzia 1997, na deki za zamani huizoea zaidi. DVD+R ilifuata 2002. Deki za miaka ya karibuni hazibagui. Ukitumia DVD+R, draivu nyingi zinaweza kuiandika ijitambulishe kama DVD-ROM, na hilo huwasaidia wenye deki kongwe. ImgBurn ina mahali pa kuweka hilo, mradi draivu yako iruhusu. Diski za RW (zinazofutika na kuandikwa tena) zinarudisha mwanga kidogo sana, kati ya asilimia 18 na 30, ilhali DVD-R hurudisha kuanzia 45. Deki isiyojua RW huidhania kuwa ya safu mbili na kukwama hapo. RW nunua moja ya kujaribia, usimpe mteja. Za safu mbili za GB 8.5 ni ghali na hugoma zaidi. Mbili za kawaida ni bora.

Jina la kwenye kasha halitoshi kukuambia diski imetengenezwa na nani. Iweke kwenye draivu, fungua ImgBurn, soma msimbo wa kiwanda upande wa kulia. Diski za jina lilelile kutoka maduka mawili zinaweza kuwa na misimbo tofauti kabisa. Ukipata msimbo unaofanya kazi vizuri na draivu yako, uandike mahali.

Siku ya kuchoma, kompyuta iwe na chaji kamili na imechomekwa, kwa maana umeme ukikatika katikati, DVD-R hiyo ni ya kutupa. Draivu ya nje iende moja kwa moja kwenye kompyuta, isipitie kwenye tundu la kugawa USB. Draivu inayokosa umeme hutoa kosa la kupima nguvu ya leza, na watu hulaumu diski. Kwa diski za kasi ya 16x chagua kuchoma kwa 4x au 8x. Weka alama kwenye chaguo la uhakiki (Verify) baada ya kuchoma, na usiondoe diski kabla haujaisha. Ikitoka, igeuze uitazame kwenye mwanga: sehemu iliyoandikwa ina rangi tofauti kidogo, inaanzia katikati na kutanuka kuelekea nje. Rangi iwe sawasawa. Ukiona mduara au kivuli kikali karibu na ukingo, hapo ndipo itakapoganda. Kwa kuwa DVD huandikwa kutoka ndani kwenda nje, mwisho wa sherehe uko kwenye ukingo, na ukingo ndio sehemu inayoharibika kwanza kwenye diski duni na ndiyo inayoshikwa na vidole. Kwa hiyo ukijaribu nakala, usitazame dakika tano za mwanzo ukaridhika. Ruka hadi sura ya mwisho, kwenye deki halisi, kisha rudi kwenye menyu.

Waliorekodi kwa mashine ya DVD ya sebuleni au kamera ya diski ndogo za sentimita 8 wana jambo moja la ziada: diski hiyo haijakamilika mpaka ifungwe kwenye mashine ileile, kwa chaguo lililoandikwa Finalize. Bila hilo, deki nyingine huiona kama tupu. Fanya hivyo kabla hujaiuza mashine. Na hizo diski ndogo usizitie kwenye draivu ya mdomo inayovuta diski yenyewe, zinanasa ndani.

Usibandike stika ya karatasi juu ya DVD. Hupoteza mizani diski ikizunguka, na kwa joto letu gundi huivuta ikapinda. Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji: majina, tarehe, diski ya ngapi kati ya ngapi, na PAL au NTSC. Mwambie mteja asiiache kwenye dashibodi ya gari, kwa kuwa rangi inayobeba data huharibiwa na jua, na kama itachafuka aifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. ISO yenyewe ibaki kwenye diski kuu (hard disk) mbili tofauti, pamoja na MP4 moja ya ubora wa juu kwa wale ambao nyumbani kwao deki ilishaondoka na imebaki runinga yenye tundu la flash.