Kuzindua huduma mpya ya simu Mtwara na Lindi, hatua kwa hatua

Haya nimemwandikia mwenzangu mpya kitengoni, aliyeletwa kanda ya kusini na kukabidhiwa uzinduzi wake wa kwanza. Yeye, kama mimi, ni meneja masoko wa bidhaa kwenye kampuni kubwa ya teknolojia. Wahandisi wakishajenga kitu, sisi ndio tunaoamua kinamfaa nani, kielezwe vipi, kitoke lini, na wauzaji waambiwe nini. Mfano nitakaoutumia ni akiba ya kufungia: mteja anaweka hela kwenye simu na kuifunga mpaka tarehe anayoitaka mwenyewe.

Hatua ya 1: Tarehe ipangwe na korosho

Makao makuu watakupa tarehe inayoendana na kufunga hesabu za robo mwaka. Ikatae kwa adabu, lakini ikatae. Huku korosho huanza kuuzwa Oktoba, na hela haiingii siku mkulima anapopeleka gunia. Mzigo unapita chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, ndipo malipo yanashuka benki. Tangu msimu wa 2024/25 minada imekuwa ikifanyika kidijitali kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei inajulikana mapema, ila kati ya bei na hela kuna siku za kusubiri. Siku hizo ndizo zako. Tangazo la akiba likifika wakati huo, mtu bado anapiga hesabu. Likifika baada ya malipo, linakuta pikipiki imeshanunuliwa.

Usitume kanda nzima kwa mkupuo. Kila eneo lina chama chake kikuu cha ushirika: Newala na Tandahimba wako TANECU, Masasi na Mtwara wako MAMCU, Ruangwa, Nachingwea na Liwale wako RUNALI. Minada yao haifanyiki siku moja, na malipo hayashuki siku moja.

Hatua ya 2: Kaa kwa wakala

Dodoso silipendi. Ukimuuliza mtu mbele ya karatasi kama angependa kuweka akiba, atakujibu ndiyo, kwa sababu ana adabu. Omba benchi kwa wakala wa fedha, siku ya gulio, na daftari. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Mama mmoja Tandahimba, baada ya kuelezwa huduma yote, aliuliza: "Mwanangu, hela ikifungwa na mjukuu akaugua usiku, nije nikuamshe wewe?" Swali hilo lilifuta nusu ya slaidi zetu.

Hatua ya 3: Sentensi moja

Andika: kwa mtu fulani, mwenye shida fulani, huduma hii inafanya kitu fulani, tofauti na anachofanya sasa. Kipande cha mwisho ndicho wengi wanachokosea, wanataja programu ya kampuni pinzani. Mpinzani wetu huku ni bati, saruji na kangomba: mtu aliyeishiwa kabla ya msimu anauza korosho zake kwa bei ya kutupwa, nje ya mfumo, ili avuke. Kwa hiyo sentensi yetu ikawa: kwa mkulima ambaye hela ya mnada humwishia kabla ya palizi, akiba hii inamtunzia hela ya vibarua ili asiuze kangomba. Ikishindikana kuisema bila kupumua mara mbili, bado haijaiva.

Hatua ya 4: SMS

Hapa tukae. Wateja wengi wa vijijini wanatumia kitochi, kwa hiyo tangazo lako halisi ni SMS, si video.

Ujumbe tuliokubaliana ulikuwa huu:

Hela ya korosho ifunge mpaka palizi. Ukipata dharura, ing'oe saa yoyote bila makato. Chagua Akiba kwenye menyu ya simu yako au muone wakala wa kijijini.

Herufi 152, nafasi na alama zikiwemo. SMS moja inabeba 160, kwa hiyo tuko salama. Lakini mfumo wa kutuma ulimwonyesha mwenzetu mmoja SMS tatu kwa kila mteja, naye akakaa nao mchana mzima akikata maneno, bila mafanikio.

Tatizo lilikuwa ritifaa, ile alama ndogo inayofuata "ng" kwenye "ing'oe". Ujumbe uliandikwa kwenye Word, na Word huipinda ritifaa iwe kama koma iliyoning'inia. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye seti ya herufi za kawaida za SMS, iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe wote unahamia seti nyingine, na kikomo cha herufi kinashuka kutoka 160 hadi 70. Ukivuka 70 unakatwa vipande vya 67, na 152 inahitaji vitatu. Kwa wateja 100,000 unalipia SMS 300,000, kwa alama moja.

Mambo ya kuangalia:

Kubandika kwenye Notepad hakunyooshi ritifaa. Inabaki ilivyo. Ifute, uichape upya hapohapo.

Alama nyingine zenye ubaya huohuo ni nukuu zilizopinda, kistari kirefu, nukta tatu zinazojiunga kuwa alama moja, na emoji. Kuna pia nafasi isiyovunjika, ambayo huioni kwa macho. Ukikwama, futa nusu ya ujumbe uangalie kihesabio: kikirudi 160, mkorofi yuko kwenye nusu uliyoifuta. Endelea kugawa hivyo mpaka umkamate.

Mabano ya mraba na alama ya yuro zimo kwenye seti ya kawaida, ila kila moja inahesabiwa mbili.

Ukiweka jina la mteja, usijaribu kwa "Asha". Jaribu kwa majina matatu marefu kuliko yote kwenye orodha yako, na kiasi chenye tarakimu nane. Ukivuka 160, kila kipande kinabeba 153 tu.

Jina la mtumaji lisizidi herufi 11.

Kila mwanasheria au bosi akishagusa maandishi, rudia ukaguzi wote. Wao huandika kwenye Word. Mimi toleo la mwisho nalichapa mwenyewe kwa mkono, na simruhusu mtu alirudishe kwenye barua pepe.

Hatua ya 5: Mawakala kabla ya wateja

Wiki moja kabla. Karatasi moja, maswali wanayoulizwa kweli, na kamisheni yao juu kabisa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafanya kazi kuliko semina hotelini.

Hatua ya 6: Pima

Idadi ya waliojiunga itawafurahisha makao makuu; wape. Wewe angalia ni wangapi bado wana hela ndani Machi, shamba linapoanza kudai vibarua. Kisha omba huduma kwa wateja wakupe maswali kumi yaliyoulizwa zaidi, na SMS ya pili ijibu la kwanza kati ya hayo.

Ukitaka kutumia jina au picha ya mkulima kwenye tangazo, pata ridhaa yake kwa maandishi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023.